Milio ya Mashine na Mafundi wa Machakos

Mji wa Machakos, uliopata jina lake kwa Masaku, mtabiri mashuhuri wa Wakamba, ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza huko bara ilhali Nairobi ingali kinamasi. Lakini reli ya Mombasa ilipokata mbuga za Athi na kuwasili Nairobi mwaka 1899, na makao ya jimbo yakahamishiwa huko, mji ule ulibaki kando ya njia kuu, na chombo kigeni kilichoharibika, iwapo mwenyewe hakutaka gharama ya safari, kilihitaji fundi wa papo hapo. Wala ustadi haukuwa haba katika nchi ya watu waliosifika tangu zamani kwa kufua chuma na kusuka minyororo myembamba ya madini.

Sanaa ya mafundi hao iliyoitangulia hii ya leo ya kutengeneza kompyuta ni ile ya redio. Redio za transista zilipoenea Kenya katika miaka ya 1960, fundi alizijua ila zake kwa sikio kabla ya kushika bisibisi: mvumo mzito ulimwelekeza kwenye kapasita iliyochakaa, na mkwaruzo, kila kitufe cha sauti kilipozungushwa, ulimdhihirishia vumbi lililoingia ndani.

Sikio hilo halikupitwa na wakati. Kompyuta ya IBM iliyotolewa Agosti 1981 ilijikagua yenyewe kila ilipowashwa, na kwa kuwa hitilafu yaweza kutokea kabla kioo hakijapata nuru ya kuandika neno lolote, waliobuni waliipa sauti: mlio mmoja mfupi ukamaanisha salama, na mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi ukashtaki kadi ya picha. Laiti watengenezaji wote wangaliafikiana! Kila mmoja alijitungia hesabu yake, hata katika kompyuta za mkononi za Dell, kwa mfano, milio miwili hunena kwamba kumbukumbu haikuonekana, mitano kwamba betri ndogo ya saa imekwisha, na minane kwamba kioo kina dosari. Kwa hiyo fundi asiyeuliza kwanza jina la mashine huhesabu bure.

Aghalabu kosa ni la kumbukumbu, na dawa yake ni nyepesi kiasi cha kumtahayarisha mteja: umeme hukatwa, betri huondolewa, vibao vya kumbukumbu huchomolewa, miguu yake ya rangi ya dhahabu husuguliwa taratibu kwa raba ya kufutia penseli, kisha hurudishwa kimoja kimoja ili kile kibovu kijifichue. Mteja akinung'unikia ujira, hanielewi mimi fundi wake nikimwambia kwamba analipia hesabu ya milio, si raba.

Mashine mpya nyingi zimeacha kulia. Huashiria maradhi yao kwa taa zinazomweka, na fundi aliyezoea kutega sikio huku akiongea na wateja sasa sharti ainamie mashine, ahesabu, na, akibabaishwa, aiwashe upya.