Tableti na Uchoraji wa Dijitali: Kalamu Ilipotelea Wapi?

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na lugha za programu tuzungumze historia kidogo. Kuna swali ambalo hapa Awendo naulizwa kuliko swali lolote jingine la kompyuta: je, tableti inafaa kwa kazi ya uchoraji wa dijitali, au ni kifaa cha kutazamia filamu tu? (Wengine mnaiita kishikwambi. Sawa, kifaa ni kile kile.)

Swali hili si la mchezo. Anayeuliza huwa ni kijana mwenye mkono mzuri, anayechora nembo za timu, mabango ya kanisa na picha za kwenye ukuta wa kinyozi, na sasa anataka kuingia kwenye kompyuta. Pesa yenyewe mara nyingi inatoka kwa mzazi mwenye shamba la miwa, na miwa ya kwanza hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kufika kiwandani Sony. Kifaa kikinunuliwa vibaya, familia inasubiri miwa mingine. Kwa hiyo sitajibu kwa ndiyo au hapana. Nitasimulia tableti ilikotoka, maana jibu limejificha humo humo.

Wengi wanadhani tableti ilizaliwa mwaka 2010 mikononi mwa Steve Jobs. Hebu turudi mwaka 1963, chuo cha MIT, Marekani. Mwanafunzi anayeitwa Ivan Sutherland alikuwa anaandika tasnifu yake ya udaktari kwa kutumia kompyuta iliyoitwa TX-2, mashine ya kujaza chumba. Programu yake iliitwa Sketchpad. Alishika kalamu ya mwanga, akaigusisha kwenye skrini, akachora mistari na kompyuta ikaielewa. Yaani mtu alichora moja kwa moja juu ya kioo cha kompyuta miaka kumi kabla ya simu ya kwanza ya mkononi kupigwa! Shida ya kalamu ile ilikuwa mkono: skrini ilisimama wima kama televisheni, na ukichora ukiwa umeinua mkono hewani bega linachoka upesi.

Mwaka uliofuata, 1964, shirika la RAND likaja na suluhisho. Walitandaza nyaya nyembamba sana ndani ya ubao wa inchi 10 kwa 10, mistari 100 kwa kila inchi, hivyo ubao uliweza kutofautisha zaidi ya nukta milioni moja. Ubao ulilala mezani kama karatasi, kalamu ikasoma mahali ilipo kutoka kwenye zile nyaya, na mchoro ukatokea kwenye skrini. Bei yake ilikuwa dola 18,000 za wakati ule. Ishike vizuri picha hiyo ya nyaya zilizofichwa chini ya mahali pa kuchorea, kwa sababu ndiyo siri ya habari yote hii.

Ubao wa bei nafuu ulikuja mwaka 1983 ukiitwa KoalaPad, ukiunganishwa na kompyuta za nyumbani kama Apple II na Commodore 64. Nimeutaja kwa sababu moja: aliyeubuni, David Thornburg, alikusudia kuwapa wanafunzi shuleni chombo rahisi cha kuchorea. Tutalirudia neno hili la shule.

Mwaka huo huo wa 1983 kampuni ya Wacom ilianzishwa Japani, na hapa ndipo mambo yakawa mambo. Kalamu zilizotangulia zilikuwa na waya au betri. Wacom wakatoa kalamu isiyo na waya, na ile iliyokuja kuwapa jina haina hata betri. Inafanyaje kazi? Ubao unatoa mawimbi ya sumaku na umeme. Ndani ya kalamu kuna koili ndogo ambayo inapokea nguvu ile na kuirudisha, kama mlima unavyorudisha sauti ya mtu anayeita. Ubao unasikiliza mwangwi huo na kujua kalamu iko wapi, imeinamishwa vipi na imekandamizwa kiasi gani. Ukikandamiza, mstari unanenepa, ukilegeza, unakonda. Mchoraji yeyote wa penseli anajua kwamba hapo ndipo uhai wa mchoro ulipo.

Wacom walilinda uvumbuzi wao kwa hataza, na kwa miaka mingi aliyetaka kalamu ya namna ile alipita mlangoni kwao. Sisemi walikosea. Uvumbuzi ulikuwa wao na vifaa vyao vilikuwa imara. Lakini matokeo yake ni kwamba kalamu nzuri ilibaki kitu cha studio. Mwaka 2001 walitoa Cintiq, skrini unayochora juu yake, na bei yake ilikuwa ya kampuni za katuni, si ya kijana anayejitegemea. Mwaka 2002 Microsoft nao wakaleta Windows XP ya Tablet PC, kompyuta za kubeba zenye kalamu, nyingi zikiwa na teknolojia ya Wacom chini ya kioo. Zilikuwa nzito, ghali, na soko halikuzipenda. Waliozipenda sana walikuwa wachoraji, nao hawakutosha kuokoa biashara.

Hivyo kabla iPad haijaonekana, kompyuta ya kuchorea kwa kalamu ilikuwa imeishi karibu miaka 50. Kisha kalamu ikapotea.

Ilipotea kwa sababu ya simu. Mwaka 2007 Apple walitoa iPhone, na kioo chake kilitambua kidole kwa kuhisi jinsi mwili wa binadamu unavyobadilisha chaji ya umeme juu yake. Ni rahisi kutengeneza kwa wingi, na kwa kubonyeza vitufe na kusukuma kurasa hakuna mpinzani. Jobs aliicheka kalamu hadharani, na iPad ilipoingia sokoni Aprili 2010 ilikuja na kioo cha aina hiyo hiyo, kikubwa zaidi. Kampuni nyingi za Android zikafuata. Wasichosema kwenye matangazo ni kwamba kioo hicho kinaona doa, hakioni ncha. Kidole ni kinene, hakina kipimo cha mkandamizo, na kinafunika mahali pale pale unapotaka kuchora. Zile kalamu za mpira zinazouzwa na wachuuzi hazibadilishi chochote. Kwa kioo, kalamu ya mpira ni kidole kingine, tena kidole kisichohisi.

Sasa mtu ataniuliza, mbona kuna waliochora kwa kidole wakavuma? Ni kweli. Toleo la Juni 1, 2009 la jarida la New Yorker lilikuwa na jalada lililochorwa na Jorge Colombo kwenye iPhone. Mchoraji mkongwe wa Uingereza, David Hockney, alianza na iPhone akahamia iPad mwaka 2010, na mwaka 2012 pale Royal Academy, London, aliweka ukutani picha kubwa za majira ya kuchipua zilizotoka kwenye iPad. Wala hatuhitaji kwenda London. Panda boti pale Mbita uende kisiwa cha Mfangano, hapa hapa kaunti jirani ya Homa Bay. Kwenye mapango ya Mawanga na Kwitone kuna michoro ya miduara iliyozungushiana, nyekundu na nyeupe, inayohusishwa na Watwa walioishi huko zamani sana. Michoro ya jadi hiyo ilipakwa kwa vidole, na ukiitazama utaelewa kidole kinaweza nini: umbo kubwa, rangi bapa, mzunguko. Hockney naye alichora maumbo na rangi. Ukitaka uso wa mtu wenye kope na mikunjo, au herufi za nembo, kidole kitakuonea.

Kwa Kenya, mkasa ni kwamba tableti zilitufikia kwa wingi katika miaka hiyo ya kidole. Mwaka 2013 serikali mpya iliahidi kompyuta ya kubeba kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikaingia kesini ikafutwa, mpango ukabadilishwa ukawa wa tableti, na mwaka 2016 ukaanza kwa majaribio katika shule 150, vifaa vikitolewa na Chuo Kikuu cha Moi na JKUAT pamoja na washirika wao. Hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vikagawiwa shule za msingi nchini. Kwa watoto wengi wa mashambani ile ndiyo ilikuwa kompyuta ya kwanza kuishika. Lengo lilikuwa masomo ya dijitali: mtoto atazame, asikilize, abonyeze jibu. Linganisha na KoalaPad ya 1983, iliyobuniwa kwa shule pia, lakini ikianza na kuchora. Kisha mwaka 2019 mtaala wa umilisi ukaingia nchi nzima, nao unataka mtoto abuni na achore. Kwa maoni yangu tulijenga nyumba tukasahau kuweka mlango, na watoto waliokutana na tableti kwa njia hiyo ndio vijana wanaoniuliza leo kama kifaa hiki kinaweza kuchora. Wana haki ya kuwa na shaka.

Na soko lipo, tena la zamani. Mwaka 2010, mwaka ule ule wa iPad, Nairobi ilikuwa inatoa jarida la katuni la Shujaaz, lililosambazwa ndani ya gazeti na kupitia mawakala wa M-Pesa, na vibonzo vya Tinga Tinga Tales vilitengenezwa hapo hapo jijini kwa ajili ya televisheni ya watoto ya BBC. Awendo soko letu ni dogo lakini halilali: vijitabu vya ratiba za mazishi, kadi za harusi, nembo za maduka, na kila miaka mitano mabango ya wagombea hadi tunachoka na sura zao.

Kalamu ilirudi polepole. Samsung waliirudisha mwaka 2011 kwenye simu ya Galaxy Note na mwaka 2012 kwenye tableti ya Note 10.1, wakitumia teknolojia ya Wacom. Microsoft wakaja na Surface Pro mwaka 2013. Novemba 2015 Apple wenyewe, watoto wa yule aliyeicheka kalamu, wakaanza kuuza Apple Pencil kwa dola 99, pamoja na iPad Pro ya kuanzia dola 799. Mwaka 2018 wakairuhusu kalamu hiyo kwenye iPad ya dola 329. Wakati huo hataza za zamani zilikuwa zinakwisha muda, na kampuni za China kama Huion na XP-Pen zikaanza kuuza kalamu zisizo na betri kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuisikia bila kuzimia. Programu nazo zikakua: Procreate kwenye iPad tangu 2011, na mwaka 2020 Krita, ambayo ni ya bure kabisa, ikaanza kupatikana kwenye Android.

Kwa hiyo tableti yenye kalamu halisi inafaa? Kwa kuchora, ndiyo, na kwa Awendo ina faida ambayo mwandishi wa Ulaya haitaji: umeme ukikatika unaendelea na kazi, wakati mwenye kompyuta ya mezani amekaa gizani akiomboleza faili ambalo hakulihifadhi. Kikwazo kinachobaki kiko kwenye kumbukumbu, na hapa niruhusuni hesabu ya kiprogramu. Bango la ukubwa wa A3 kwa ubora wa uchapishaji, nukta 300 kwa inchi, lina pikseli 3,508 kwa 4,961. Hiyo ni pikseli milioni 17 na ushee. Kila pikseli inakula baiti 4, basi tabaka moja tu la mchoro ni karibu megabaiti 70. Weka matabaka 20, kama mchoraji yeyote afanyavyo, umefika gigabaiti 1.4. Tableti ya RAM gigabaiti 2 ambayo tayari inaendesha Android itakufungia programu katikati ya kazi, hata ikiwa na kalamu ya dhahabu. Chini ya gigabaiti 4 usihangaike, labda kama kazi zako ni za kuonekana kwenye simu tu.

Ukienda dukani, au kwa muuza vifaa vya mitumba, jaribu hivi. Sogeza ncha ya kalamu karibu na kioo bila kukigusa. Kwenye tableti za Samsung zenye kalamu halisi, alama ndogo itatokea na kufuata ncha hewani. Zile nyaya za mwaka 1964, kwa namna fulani, zipo chini. Kwenye iPad nyingi alama hiyo haitokei hata kalamu ikiwa halisi, kwa hiyo huko angalia namba ya modeli na aina ya Pencil inayokubaliwa. Kisha fungua programu yoyote ya kuchora, weka rula ya plastiki kwenye kioo, vuta mstari wa mshazari polepole sana. Mstari ukitoka na mawimbi kama nyoka, rudisha kifaa. Laza kiganja chote kwenye kioo uendelee kuchora. Kiganja kikiacha madoa, rudisha pia. Na ukipata Samsung iliyotumika yenye S Pen ya kuchorea isiyohitaji chaji, kalamu haina betri ya kufa, hivyo ulizia betri ya tableti yenyewe na ukague kioo kama kina ufa. Muuzaji akikataa usijaribu lolote kati ya haya, funga mfuko wako uende duka la pili.