Joto la Rufiji

Ndege iliyoanza kuisaka Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, ilikuwa mali ya mtu binafsi. Waingereza waliipata Durban mwaka 1914, pamoja na rubani Dennis Cutler. Rejeta ikaharibika, ikaletwa ya gari la Ford kutoka Mombasa. Desemba injini ikashindwa, Cutler akashuka mtoni na kutekwa. Ndege za Sopwith zilizofuata zilibanduka gundi kwa joto. Adui mkuu, basi, alikuwa hali ya hewa. Mtu atasema: mbona Julai 11, 1915 ndege ya Waingereza, ya Cull na mwenzake Arnold, ilidunguliwa? Kweli, lakini hiyo ni siku moja. Wote wawili walitoka majini hai. Königsberg haikutoka tena.