Shamba la Wakisi: Vyungu vya Ikombe na Lyulilo

Jumamosi asubuhi, siku ya soko, ufukwe wa Lyulilo karibu na Matema hujaa vyungu kuanzia miti ilipo hadi majini. Mitumbwi inaendelea kufika kutoka Ikombe, na kina mama wanashusha mizigo iliyofungashwa kwa majani makavu. Mnunuzi anayejua kununua haangalii nakshi kwanza. Hukinyanyua chungu, akakilaza kiganjani, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Kilichoiva vizuri hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa, hata usioonekana kwa macho, hutoa sauti iliyokufa, nacho hurudishwa mchangani polepole.

Kabla ya kuzungumzia bei ya chungu hicho, mtu aangalie kwanza mahali kinapotoka. Wakisi wanaishi kwenye ukanda mwembamba wa pwani, kaskazini-mashariki mwa Ziwa Nyasa. Maji ya ziwa yako kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na nyuma ya nyumba zao Milima ya Livingstone inapanda ghafla hadi kupita mita 2,000. Tambarare ya kulima ni kidogo sana. Hatua chache magharibi linaanza bonde la Kyela, nchi ya Wanyakyusa, yenye mpunga, migomba na ng'ombe, na mvua ambayo mikoa mingi ya Tanzania huisikia tu kwenye redio. Mkisi alilitazama bonde hilo kila siku wakati kwake alikuwa na vipande vya mihogo kwenye mteremko. Mume alivua samaki, mke akachimba udongo, na udongo ndio uliokuwa shamba lao.

Shamba hilo liliwaunganisha na majirani wote. Wakinga wa milimani walifua chuma na kushusha majembe, Wanyakyusa walitoa nafaka na ndizi, na Wakisi wakaleta samaki na vyungu. Mskoti Joseph Thomson alipofika ncha ya kaskazini ya ziwa mwaka 1879 alivutiwa mno na vijiji vya Wanyakyusa: nyumba nadhifu za mianzi, viwanja vilivyofagiwa, migomba pande zote. Wasafiri waliomfuata nao walizisifu nyumba hizo. Mianzi ilistahili sifa zake, na hata leo inastahili. Lakini ukiingia ndani ya nyumba hizo, maji yalikuwa kwenye mtungi wa Mkisi, maharage yaliiva kwenye chungu cha Mkisi, na kimpumu, ile pombe ya ulezi inayonywewa kwa mirija huku watu wamekizunguka chombo, haikuwa na pa kukaa pengine. Hakuna arusi wala msiba uliofanyika bondeni bila kazi ya mikono ya mwanamke wa ng'ambo ile.

Na kazi yenyewe inahitaji uvumilivu. Udongo huchimbwa, hubebwa kichwani, hutwangwa na kuchambuliwa kokoto moja moja, kwa sababu kokoto moja iliyosahaulika itakipasua chungu motoni. Kisha hulowekwa na kukandwa mpaka ulainike kama unga wa chapati. Bonge la udongo huwekwa juu ya kigae kipana, na kigae hicho huzungushwa kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiuvuta udongo juu, ukitanua tumbo na kubana shingo. Hakuna mashine wala kipimo, na bado mdomo unatoka wa duara. Gunzi la hindi na kipande cha kibuyu hukwangua kuta hadi ziwe nyembamba. Wembamba huo ndio sifa ya chungu cha Kikisi: ni kikubwa kwa macho na chepesi kichwani. Kikishakauka kivulini husuguliwa kwa jiwe laini la ufukweni, kikapakwa udongo mweupe na ngeu nyekundu mabegani. Tako lake ni la mviringo, ili likae vizuri kwenye mafiga na moto ulizunguke lote.

Kuchoma ndiko kunakomnyima mfinyanzi usingizi. Vyungu hupangwa mahali pa wazi, vikafunikwa kuni na nyasi, vikawashwa. Saa chache hizo zinaweza kula kazi ya wiki nzima, upepo ukigeuka au unyevu ukiwa bado umejificha ukutani mwa chungu. Masika ya Kyela yanapofika, Aprili na Mei, udongo hukataa kukauka na uchomaji husubiri siku ya jua.

Mambo haya yameandikwa zamani. Wamisheni wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky walifika pande hizi mwaka 1891, na kabla ya karne kuisha walikuwa na kituo Ikombe penyewe. Daktari wa kijeshi wa Kijerumani, Friedrich Fülleborn, alichapisha mwaka 1906 kitabu kinene kuhusu nchi za Nyasa na Ruvuma. Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson waliishi kati ya Wanyakyusa miaka ya 1934 hadi 1938. Ninayemthamini zaidi ni Mtanzania, S. A. C. Waane, aliyeandika mwaka 1977 juu ya ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe peke yake, kwa makala ndefu. Aliupa ufundi huu nafasi yake yenyewe, haukuwa tena aya ndani ya habari za watu wengine.

Ninasisitiza hilo kwa sababu mpaka leo ufinyanzi huu unasemwa kama kazi ya kina mama ya kujipatia hela ya chumvi. Ulilisha ukoo. Chungu kilipobadilishwa kwa nafaka, thamani yake ilionekana papo hapo: mama alirudi Ikombe na chakula cha watoto mtumbwini. Kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyoanza mwaka 1898, ilileta hesabu ya sarafu. Baadaye zikaja sufuria, kisha ndoo za plastiki, na chungu kikalazimika kushindana na kitu kisichovunjika. Siku hizi vyungu vinapakiwa kwenye magari kwenda Kyela mjini, Tukuyu, Mbeya na hata Dar es Salaam, ambako vingine huishia kupandwa maua. Bei hupanda kila gari linaposimama, na aliyekesha na moto hayupo kwenye vituo hivyo.

Mtungi wangu niliununua Lyulilo, na kazi yake nyumbani ni maji ya kunywa. Mchana wa joto maji hupenya ukutani mwake taratibu, yakatoka nje kama jasho na kukauka, na kadiri yanavyokauka ndivyo yaliyobaki ndani yanavyopoa. Nikipitisha kiganja tumboni mwake naona kokoto ya ufukweni ilipopita imeacha mng'ao. Karibu na shingo kuna alama moja ya kidole gumba, imezama kidogo, ya mtu aliyebana udongo mbichi huku mkono wake mwingine ukizungusha kigae.