Miembe ya Njiani na Miombo ya Tabora

Mtu aingiaye Tabora hupokewa kwanza na miembe. Wazee wetu husimulia kwamba mingi ya miti hiyo ilitokana na kokwa walizozitupa au kuzipanda watu wa misafara katika karne ya 19, walipopita kati ya Bagamoyo na Ujiji. Wengine walipita wamejitwika pembe za ndovu; wengine walipita wamefungwa minyororo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ilififia, lakini kivuli kilibaki.

Hata hivyo, mwembe ni mgeni. Asili yake ni Bara Hindi. Mwenyeji wa nchi hii ni myombo, na jamaa zake mtundu na muba. Msitu huo ndio uliowalea Wanyamwezi, wapagazi mashuhuri wa njia ile, na leo wataalamu wa mimea duniani kote huuita kwa jina hilo hilo la kwetu: miombo.

Tukiutazama kwa haraka, tutadhani ni miti tu iliyosimama. La, ni jamii kamili. Mtundu huchanua karibu na mwanzo wa mvua; muba huchanua mvua zinapoelekea kwisha. Nyuki hula kwa zamu, na mrina asali hurina kwa misimu miwili. Chini ya ardhi, mizizi imeshikamana na nyuzi za kuvu ziitafutiazo miti chakula katika udongo usio na rutuba nyingi. Nayo miti huzilipa kwa sukari itengenezwayo na majani. Mvua ikinyesha, kuvu hizo hutoa uyoga, kitoweo cha nyumba nyingi. Ukiuondoa mti mmoja, umewaondoa na jirani zake usiowaona.

Historia imekwisha kutuonya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walileta mradi wa karanga, na Urambo, magharibi ya Tabora, ikawa mojawapo ya mashamba yake. Matingatinga yaling'oa msitu ili pasimame zao moja. Mwaka 1951 mradi uliachwa kwa hasara kubwa. Baadaye ikaja tumbaku ya mvuke, ikaushwayo kwa moto wa kuni. Tumbaku imewasomesha watoto wetu wengi, wala hatuwezi kuibeza. Lakini sisi tulioshika kalamu za serikali tulizoea kuhesabu kilo zilizouzwa. Miti iliyoingia tanuruni hatukuihesabu kwa bidii hiyo hiyo.

Utamaduni wa taifa si ngoma na mashairi peke yake. Umo pia katika majina ya miti, katika mzinga wa gome, na katika ujuzi wa kujua lini ua gani litafunguka. Wahenga walisema: fuata nyuki ule asali. Walioachwa bila msitu watamfuata nyuki yupi? Aliyepita njiani alituachia kivuli cha mwembe, pengine bila kukusudia. Sisi tukaao hapa, tuwaachie wajao miombo kwa kukusudia.