Ulimi wa Zumari Hauuzwi Dukani

Siku ya mchezo wa ng'ombe kisiwani Pemba, mtu anayekuja kwa njia ya mashamba hutangulia kusikia zumari kabla hajaona kitu. Sauti yake ni kali, ya puani, na haikatiki. Mpigaji hasimami kuvuta pumzi: mashavu yamemvimba kama kibofu, hewa anaiingiza kwa pua huku ile iliyo kinywani ikiendelea kutoka. Ngoma zinamfuata, watu wanamchokoza ng'ombe, naye ng'ombe anapandwa na hasira. Wengi huunasibisha mchezo huu na Wareno, na kila anayeuandika hurejea hapo. Ni nadra mtu kuuliza habari za kile kinachotoa sauti yenyewe, nacho ni kipande cha jani kisichofikia urefu wa kidole.

Kipande hicho ndicho ulimi wa zumari. Kiwamba ni roho ya ngoma, na ulimi ni roho ya zumari. Mti wote ule, matundu yake na mdomo wake uliopanuka kama ua, kazi yake ni kuikuza na kuipa umbo sauti ambayo tayari imeshazaliwa kinywani. Jani kavu la jamii ya mnazi hukatwa, hukunjwa hata tabaka zikalaliana, hupunguzwa ncha, kisha hufungwa kwa uzi juu ya kijibomba chembamba cha chuma. Chini ya ulimi hukaa kisahani, mara nyingi cha kifuu cha nazi au cha bati, ambacho mpigaji hukigandamiza kwa midomo yake. Ulimi wenyewe huzama wote kinywani, wala midomo haiugusi.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo linaloitenga zumari na oboi ya Wazungu, ingawa ni ndugu. Mpiga oboi huubana ulimi kwa midomo, akaulainisha na kuunyoosha apendavyo. Mpiga zumari hana nafasi hiyo. Sauti nzuri lazima iwemo ndani ya jani tangu lilipokatwa. Likiwa nene, linagoma. Likiwa jembamba mno, linalia kama mtoto na kufa baada ya muda mfupi. Kwa hiyo kuchonga ulimi si kazi ya kumpa fundi mwingine ukakaa kusubiri. Ni nusu ya kupiga.

Katika pwani ya Kenya, ambako chombo hiki huitwa nzumari, mti unaotajwa sana kwa kazi hii ni mvumo. Hapa Kiswahili kinatupa jambo zuri ambalo sijaona mtu akilishangaa vya kutosha. Mvumo ni mti, na mvumo ni sauti ya kitu kinachovuma. Sitaki kudai kwamba jina moja limezaa jingine, hiyo ni kazi ya wanaisimu. Lakini mwenye kuushika ulimi wa zumari mkononi ameshika mvumo kwa maana zote mbili.

Pemba haikupungukiwa na majani. Minazi iko kila upande, ukindu na milala vimewapa wanawake wa kisiwa mikeka na vikapu tangu zamani, na katika msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi, mnaota miwale na michikichi. Watu wanaojua jani lipi linasukika, lipi linakatika na lipi linahitaji kuanikwa kivulini wamejaa kila kijiji. Ujuzi wa ulimi wa zumari uliota katika shamba hilohilo la ujuzi wa ususi.

Chombo chenyewe kilikuja na bahari. Jina linatokana na Kiarabu, kwenye mizizi iliyozaa pia mizmari. Kutoka kwetu limeendelea kusini: Wakomoro wanasema ndzumara, na Madagaska wana chao wanachokiita anjomara. Vyombo vya ukoo huu vimetapakaa Bahari ya Hindi nzima na zaidi. Wathai na Wakambodia nao huchonga ndimi za vyombo vyao kwa majani ya mti wa jamii ileile ya mvumo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika juu ya msafara wa sultani uliotanguliwa na ngoma na vyombo vya kupuliza. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, watu wake walistaajabia pembe mbili kubwa za ndovu zilizopulizwa kwa tundu la ubavuni. Hizo ni siwa. Siwa haina ulimi, inataka midomo ya mpigaji tu, lakini ilitaka pia pembe za ndovu au shaba, na kwa hiyo ilikaa mikononi mwa watawala. Zumari ilihitaji fundi wa mbao na jani, nayo ikawa ya harusi, ya ngoma, ya uwanja wa ng'ombe.

Kisha ikarudi ilikotoka ikiwa na vazi jingine. Nchi za Ghuba, kuanzia Oman hadi Kuwait, zina ngoma iitwayo liwa, iliyopelekwa huko na watu wa asili ya Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa wametolewa kwao kwa nguvu. Ndani ya liwa hupigwa surnai, ndugu wa zumari, na ngoma zinazoizunguka bado zina majina ambayo Mpemba hahitaji kutafsiriwa: msondo, chapuo. Maneno ya Kiswahili yamo hata katika nyimbo zake. Mimi naihesabu liwa kuwa sehemu ya historia ya zumari yetu, si ya Waarabu peke yao.

Njia ya pili ya ndimi ilifika kwa meli za Wazungu. Sultani wa Zanzibar alikuwa na bendi yake, na Wagoa walihudumu humo sana. Baadaye zikaja bendi za jeshi na za polisi, na za dansi bara, kama NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 na ambayo leo inajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Klarineti na saksafoni vikaingia, na pamoja navyo ikaingia shida ambayo mpiga zumari hakuwahi kuijua: ulimi wa kununua.

Ndimi hizo hukatwa kwenye aina ya tete kubwa ambalo sifa yake kuu imetoka mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa. Huvunwa majira ya baridi, huanikwa juani, kisha huwekwa kwa muda mrefu kabla ya kuchongwa. Mwaka 1905 Eugène Van Doren, mpiga klarineti wa Opera ya Paris, alianza kujichongea ndimi, na wenzake wakataka za kwake. Kampuni ya Vandoren iliyotokana na hapo leo inauza ndimi zake duniani kote. Mwaka huohuo wa 1905, Unguja, vijana waliunda Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu ambacho bado kipo.

Hapo yapo mambo ya kufikiri. Van Doren alianza kama wapiga zumari wetu: mpigaji na kisu chake, akichonga anachokihitaji mwenyewe. Tofauti ni kwamba ujuzi wake ulipata karakana, vipimo na boksi lenye nambari ya unene. Leo mpiga saksafoni wa Dar es Salaam husubiri boksi hilo liletwe, au humwomba mtu anayesafiri amnunulie ng'ambo. Ulimi ukipasuka usiku wa onyesho na akiba imekwisha, muziki umekwisha. Mpiga zumari wa Pemba, ulimi wake ukipasuka, huchonga mwingine.

Ila utajiri huo umo mikononi mwa wachache, na wengi wao ni wazee. Vyuo tunavyo. Chuo cha muziki wa nchi za jahazi kilifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2002, na Bagamoyo wanafundisha sanaa tangu 1981. Udi, kanuni na fidla vina walimu na vitabu. Kuchonga ulimi wa zumari bado hujifunzwa kwa kukaa karibu na mzee na kutazama vidole vyake, na mzee akiondoka, vidole huondoka naye. Chombo kitabaki kimetundikwa ukutani, kizima, na hakuna atakayeweza kukitoa sauti.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa vijana wa Pemba, hasa walio karibu na viwanja vya ng'ombe. Mnayo simu yenye kamera mfukoni. Nendeni kwa mpiga zumari wa kijiji chenu, mwamkieni, mwombeni awachongee ulimi mmoja tangu jani likiwa mtini hadi litoe sauti, nanyi mrekodi kila mkunjo. Kisha mwombeni kisu, mjaribu wenyewe.