Wema, usingizi vyashusha homoni za msongo

SOKO la samaki la Feri, Magogoni jijini Dar es Salaam, huamka kabla ya jiji. Boti na ngalawa za wavuvi huingia alfajiri, madalali hupaza sauti mnadani, na mchuuzi ana dakika chache tu za kuamua kama mtaji wake uishie kwenye ndoo ile au asubiri nyingine. Barafu inayeyuka, bei inapanda. Jirani na hapo abiria wa Kigamboni wanagombea nafasi katika pantoni.

Katika mazingira hayo mwili hufanya kazi ambayo mwenyewe haioni. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga adrenalini ndani ya sekunde chache, kisha hufuata kotisoli, homoni inayopandisha sukari katika damu ili misuli na ubongo vipate nguvu. Kotisoli si adui. Bila hiyo binadamu hawezi kuishi, na kwa kawaida huwa juu asubuhi na kushuka usiku. Tatizo huanza pale inapokataa kushuka, kwani ikidumu juu kwa muda mrefu huhusishwa na shinikizo la damu, kisukari, usingizi wa mang'amung'amu na kudhoofika kwa kinga ya mwili.

Mwaka 2003 watafiti wa Zurich, Uswisi, waliwapa wanaume 37 wenye afya jaribio la kutoa hotuba na kupiga hesabu kwa sauti mbele ya watu wasioonyesha tabasamu. Baadhi yao walitayarishwa wakiwa na rafiki wa karibu. Kotisoli ya hao ilipanda kidogo kuliko ya walioachwa peke yao, na nafuu ilizidi kwa wale waliopewa pia oksitosini, homoni inayohusika na ukaribu baina ya watu.

Wafanyabiashara wa Feri na Kariakoo wanayo mazoea ya namna hiyo: kumwangalizia jirani meza, kumkopesha samaki hadi jioni, kucheza upatu. Watu wa mjini huyaita msaada wa kibiashara. Huenda ni zaidi ya hapo, ingawa ushahidi kuhusu anayepokea wema una nguvu kuliko ule wa anayeutenda.

Ushahidi wa kusisimua zaidi ulitoka hapa hapa Afrika Mashariki, katika hifadhi ya Maasai Mara nchini Kenya, tena kwa nyani. Robert Sapolsky wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kuwafuatilia nyani hao mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwalaza kwa sindano ya usingizi na kuwapima damu. Kwa kawaida dume wa ngazi ya chini huonewa na kung'atwa, na homoni za msongo huwa juu hata akiwa ametulia.

Miaka ya 1980, madume wakorofi wa kundi moja, waliozoea kupigania mabaki katika jalala la hoteli ya kitalii, walikufa kwa kifua kikuu kilichotokana na nyama yenye ugonjwa. Wakabaki majike, watoto na madume wapole. Vyeo havikufutika, lakini uonevu dhidi ya wanyonge ulipungua na kuchambuana manyoya kukaongezeka. Jambo la ajabu ni kwamba miaka kumi baadaye, wakati madume wote wa awali wameondoka, wageni waliohamia walikuwa wamejifunza upole ule ule. Sapolsky na Lisa Share, waliochapisha matokeo hayo mwaka 2004, walieleza kuwa madume wa chini wa kundi hilo hawakuwa na dalili za msongo walizokuwa nazo wenzao wa kundi jingine.

Kwa maneno mengine, aliyemuumiza mnyonge hakuwa unyonge wake bali namna alivyotendewa. Mpagazi wa Kariakoo anayetukanwa kutwa angeelewa haraka.

Wema pekee hautoshi kwa mtu asiyelala. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago ulionyesha kuwa vijana waliolala saa nne tu walikuwa na kotisoli ya juu kwa asilimia 37 jioni iliyofuata, na waliokesha kabisa asilimia 45. Kwa anayeamka saa tisa usiku kuwahi mnada, dawa ni kulala mapema, si kuongeza vikombe vya kahawa chungu, kwa sababu kafeini nayo hupandisha homoni hiyo. Matembezi ya kawaida na mazoezi ya wastani husaidia, ila abebaye magunia tangu asubuhi anahitaji mapumziko zaidi.

Samaki nao wana sehemu yao. Mwaka 2021 watafiti wa Ohio, Marekani, waliripoti kuwa waliotumia gramu 2.5 za mafuta ya omega-3 kila siku kwa miezi minne walitoa kotisoli pungufu kwa asilimia 19 walipojaribiwa. Vilikuwa vidonge, si samaki wa kukaanga, lakini mafuta hayo yamo kwa wingi katika dagaa na vibua, ambao mara nyingi ndio wa bei nafuu mnadani.