D23.0

D23.0 ni msimbo wa uvimbe usio wa saratani katika ngozi ya mdomo, kadiri ya ICD-10, yaani toleo la 10 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa unaotolewa na Shirika la Afya Duniani. Toleo hilo liliidhinishwa mwaka 1990. Toleo la 11, lenye misimbo tofauti, lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022.

Matumizi

Msimbo huu hauhusu sehemu nyekundu ya mdomo wala upande wake wa ndani: uvimbe wa huko ni D10.0. Waa jeusi la ngozi ya mdomo (nevasi) ni D22.0, chunjua inayoletwa na virusi ni B07, na saratani ya ngozi ya mdomo ni C44.0. Kwa hiyo tabibu huandika mahali hasa, ukubwa, rangi, muda tangu uvimbe uanze, na jibu la patholojia ikiwa kipande kimekatwa.

Nchini Tanzania

Vituo vya afya hutunza kumbukumbu katika vitabu vya MTUHA. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje. Katika wilaya ya Rungwe mgonjwa anaweza kuanzia zahanati, akapelekwa hospitali ya wilaya mjini Tukuyu, halafu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Karatasi ya rufaa ikisema "uvimbe mdomoni" tu, anayempokea hawezi kujua sehemu iliyoathirika.

Jambo hilo lina uzito zaidi kwa watu wenye ualbino, ambao jua huwasababishia saratani ya ngozi kwa urahisi. Saratani ikiandikwa D23.0 kabla ya kupimwa, matibabu yanaweza kuchelewa.